Niachie Gari Hadi Kesho

Mwalimu alifika gereji saa mbili asubuhi, hata uwanja tulikuwa hatujaumwagia maji ya kutuliza vumbi. Ni mwalimu mstaafu, ana shamba la zabibu upande wa Hombolo, na RAV4 yake ya miaka mingi ndiyo hubeba dawa, mbolea na vibarua, msimu wa mavuno ikabeba makreti. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia gari linamvuta kushoto, na tairi za nyuma zinalika upande wa ndani kama zimepigwa randa.

"Bushi mpya ninazo, nimenunua jana. Nikuachie mpaka saa ngapi, mwanangu?"

Nikaingia chini na tochi. Bushi za amu za nyuma, vile viungo vya raba na chuma kwenye vyuma vinavyoshikilia tairi, zilikuwa zimechanika, raba imeachana na chuma, ukitia mtaimbo unaona amu inacheza. Hilo nililitarajia. Nilichokaa nacho muda mrefu ni bolti zinazopita ndani ya bushi hizo. Nati zake zilikuwa zimevimba kutu ya rangi ya ugoro, pembe zimeanza kulainika, na bolti moja kichwa chake kilikuwa na alama mbili za patasi. Kuna mtu aliwahi kuja hapa kabla yangu, akapiga, akashindwa, akaondoka bila kusema.

Nikatoka, nikajipangusa. "Mwalimu, niachie hadi kesho."

Hakupenda, na namwelewa. Kwa mwenye gari, bushi ni kazi ya saa mbili: unafungua, unatoa, unapachika, unafunga. Hata mimi nikiwa na bolti zinazofunguka, saa mbili na nusu zinanitosha. Lakini katika kazi za chini ya gari, kinachokula siku si kifaa kipya unachoweka, ni nati ya zamani unayotoa. Miaka kumi na minne niliyofanya kazi hii hapa Kizota, Dodoma, vifaa vingi nilivyoona vimeharibika mikononi mwa mafundi viliharibikia kwenye kufungua. Na karibu vyote viliharibika kwa sababu moja: mwenye gari alikuwa amesimama pembeni anaangalia saa, na fundi akaona aibu kuomba muda.

Watu waliotoka Dar es Salaam, na tangu Serikali ilipohamia huku wamekuwa wengi, hupenda kusema kwamba gari likifika Dodoma limepona kutu. Wana sababu. Mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mabati ya milango kweli hudumu. Ila nati iliyo chini ya gari ina maisha yake. Yenyewe haihitaji mvua nyingi. Inahitaji unyevu kidogo uliojificha, hewa, na ikipata chumvi kazi inakwenda mbio. Na chumvi tunayo. Maji ya visima vingi vya hapa ukioga sabuni haitoi povu, ukiyachemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe. Hayo ndiyo tunayooshea magari. Anayekwenda Bahi wakati wa mvua anarudi na tope la mbuga, likikauka linapauka. Hombolo kwenyewe, maji ya bwawa wenyeji wanajua yana chumvichumvi. Halafu kuna vumbi letu jembamba linaloingia kila mahali, likishiba maji linayakumbatia kwenye meno ya bolti siku kadhaa baada ya barabara kukauka.

Zaidi ya hapo, gari nyingi tunazoziita mpya zilikwisha kuishi maisha mengine. Zimetoka Japani zimetumika, na nyingine zimetoka mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Ukiinua gari la namna hiyo unalijua kabla hujagusa spana.

Kutu inabana kwa nguvu kwa sababu chuma kikiwa kutu kinachukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa, mara mbili na zaidi. Sasa chukua ule uwazi ulio kati ya meno ya nati na meno ya bolti, mwembamba kuliko unywele. Kutu ikizaliwa humo haina pa kutanukia, inasukuma pande zote mbili. Fundi akivuta spana anapigana na kabari iliyojipigilia yenyewe kidogo kidogo kwa miaka kumi.

Na kwa bushi kuna tatizo la pili ambalo wasiojua huliona kama uchawi. Bushi ni bomba la chuma nje, raba katikati, bomba lingine dogo la chuma ndani. Bolti inapita ndani ya hilo bomba dogo kwa urefu wake wote. Unaweza kufungua nati vizuri kabisa, ukaiweka mfukoni, kisha ukagonga bolti isitoke. Imeshikana na bomba la ndani. Ukiizungusha kwa spana inakwenda robo mzunguko, halafu inakurudisha mkono taratibu, kwa sababu unachozungusha ni raba. Kijana wangu siku ya kwanza alipokutana nayo aliniita kwa sauti: "Kaka, hii bolti inarudi yenyewe!" Ukisikia mkono unarudishwa hivyo, acha kuvuta. Hakuna bomba refu litakalokusaidia, utaikata bolti tu.

Mzee aliyenifundisha kazi, pale Chang'ombe, hakuwa na gesi wala grainda wakati huo. Alikuwa na brashi ya waya, kopo la maziwa lenye dizeli na haidroliki ya gia boksi, na nyundo mbili. Jioni gari likija alikuwa anapiga brashi kila nati atakayoifungua kesho, mpaka meno yaliyo nje yaonekane yanang'aa. Mimi nilidhani ni usafi. Siku moja akanishika mkono akanionyesha kwamba mafuta yakipakwa juu ya tope yananyonywa na tope, na meno yaliyobaki nje yakiwa na kutu, nati italazimika kuipanda hiyo kutu yote ikija. Kisha anachovya kitambaa, anakisokota juu ya nati kama kilemba, na kukiacha. Saa tatu usiku, kabla ya kulala, anatoka na tochi kuongeza. Alfajiri anaongeza tena. Hapo hajagusa spana.

Siku hizi kuna mafuta ya kupuliza ya dukani, na ni mazuri. Mimi hutumia hayo, au yakiisha nachanganya haidroliki na thina nusu kwa nusu, kwa sababu thina inaifanya ile haidroliki nzito ipenye kama maji. Lakini hata yawe ya bei gani, hayafanyi kazi kwa dakika tano. Yanapanda kwa kunyonywa kwenye mianya, polepole, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Anayepuliza na kuvuta papo hapo amelowesha spana yake tu.

Basi jioni ile tuliinua gari la Mwalimu nyuma, tukaliweka kwenye stendi. Hapa niseme jambo kwa anayefanyia nyumbani: uwanja wetu wa Dodoma ni mchanga, stendi inazama upande mmoja ukiwa chini huna habari. Weka ubao mnene chini ya kila stendi, tairi za mbele zitie mawe mbele na nyuma, na tairi ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Utakuwa unavuta mkono mrefu kwa uzito wako wote. Gari linaloegemea jeki peke yake linaweza kukushukia. Nimemzika mwenzetu kwa jambo hilo, sitalieleza zaidi.

Tukapiga brashi, tukapuliza, nikagonga kichwa cha kila bolti na ubavu wa kila nati, mapigo mepesi mengi. Mapigo hayo yanaitikisa kutu ipasuke ili mafuta yapate njia, hivyo nguvu haihitajiki. Sauti inabadilika ukiwa na sikio: mwanzo inalia kama chuma kimoja, baadaye inakuwa na kitu kilegevu ndani yake. Tukaacha. Saa kumi na mbili asubuhi kijana alikuja mapema akaongeza.

Kulipokucha nilianza na soketi, ya pembe sita. Soketi ya pembe kumi na mbili inashika nati kwenye ncha za pembe, na nati iliyokwisha kulainika itakuponyoka. Spana ya mdomo ndiyo mbaya zaidi, sitaki kuiona kwenye nati ya kwanza kufunguliwa. Kama soketi inaingia kwa kulegea kwa sababu kutu imekula pembe, mara nyingine namba ndogo inayofuata inapigiliwa kwa nyundo ikashika kama imezaliwa hapo.

Jambo la kwanza nililofanya ni kukaza. Vijana wengi hili hawaliamini mpaka walione. Unasukuma kidogo upande wa kufunga, chembe tu, halafu unarudi kufungua. Mara nyingi kutu inavunjika kirahisi upande ule ambao haujavutwa na kila aliyejaribu kabla yako. Ikisogea hata kidogo, usiikimbize. Fungua robo, rudisha nusu ya hiyo robo, puliza, fungua robo nyingine. Kutu iliyosagika ni kama mchanga ndani ya meno. Ukivuta moja kwa moja inajikusanya mbele, inabana upya, na chuma cha nati na cha bolti vinaanza kulana. Ukifika hapo bolti inakatika, na itakatikia ndani.

Nati tatu kati ya nne zilifunguka hivyo, hakuna aliyepandisha sauti. Ya nne ni ile yenye alama za patasi.

Hiyo tuliipasha moto. Moto unafanya kazi kwa hesabu ndogo sana. Nati ya bolti ya milimita 12 ukiipandisha joto nyuzi 300, tundu lake linapanuka kama sehemu nne za mia za milimita. Ni wembamba usiouona, lakini kutu nayo imekaa kwenye wembamba huohuo, kwa hiyo inapasuka. Lengo ni nati ipate joto upesi kabla bolti haijapata, basi ulimi wa moto unazunguka kwenye nati, hauchomi bolti. Hakuna haja ya kuifanya iwe nyekundu. Ikianza kutoa moshi na kubadili rangi, toa moto, gusisha mshumaa pale nati inapokutana na bolti. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani, unaiona inapotea. Kisha soketi, kabla haijapoa.

Ila moto si wa kila mahali chini ya gari. Kabla ya kuwasha tulifuta mafuta yote tuliyopuliza, tukasogeza bomba la breki, nikatazama tenki la mafuta liko wapi, na kijana akakaa na ndoo ya mchanga. Shokapu haipashwi moto hata siku moja. Ndani ina mafuta, na nyingi zina gesi iliyoshindiliwa. Boljointi, kile kiungo kinachozunguka kati ya amu na tairi, kama unataka kuirudisha usiipashe, utaichoma raba na grisi yake. Na dawa za kusafishia breki zenye klorini zikikutana na moto hutoa hewa yenye sumu kali. Kama ulipuliza hiyo, leo acha moto, tumia msumeno.

Nati ya nne ikafunguka. Bolti yake ikagoma, ilikuwa imeshikana na bomba la ndani la bushi, ule mchezo wa kurudisha mkono. Hapo sikupigana. Bushi zote zinatupwa, bolti mpya nilishamwagiza kijana sokoni, basi tukachukua grainda yenye diski nyembamba tukaikata bolti pande mbili, pale bushi inapokutana na bati la mshikio. Kabla ya kukata nilichora kwa msumari mahali bolti ilipokaa, kwa sababu bolti hii ina kile kisahani kisicho duara kamili kinachorekebisha mwelekeo wa tairi. Bila alama gari linatoka gereji linatembea kama kaa hadi kwenye mashine ya wili alaimenti. Miwani nilivaa. Kijana nilimrudisha akavae yake.

Nataka nieleze kwa nini sikuvuta tena. Miaka sita iliyopita nilikuwa na Noah, abiria wake wamekaa kwenye benchi, wanawahi msiba Iringa. Bolti ya amu ya mbele ilikuwa ngumu. Nilijua inataka usiku. Wao walikuwa wanalia, dereva ananiita kila dakika, nikatia bomba la mita moja na nusu kwenye mkono wa soketi, tukavuta watu wawili. Ikatoa mlio mmoja mkubwa na tukaanguka nyuma, tukashangilia tukidhani imefunguka. Kumbe nati ya ndani, ile iliyochomelewa kiwandani ndani ya chasi mahali ambapo mkono haufiki, ilikuwa imeng'oka kwenye mchomeleo wake. Sasa bolti inazunguka na nati inazunguka nayo, na huwezi kuishika. Ilibidi tukate dirisha kwenye chasi, tuishike, tutoe, tuchomelee nati nyingine, tufunge dirisha. Siku mbili. Wale watu walipanda basi, na walipofika Iringa mazishi yalikuwa yamekwisha. Dereva alinisamehe. Bado nikisikia mlio wa namna ile mwili unanisisimka.

Shokapu ina shida yake nyingine, na naitaja haraka kwa sababu naiona kila wiki. Nati ya juu ukiizungusha, mhimili wa shokapu unazunguka nayo. Wengi huushika mhimili kwa praizi ya kubana. Kama shokapu inatupwa, sawa. Kama inarudi, umeshaiua: mikwaruzo ile itachana sili na mafuta yatavuja ndani ya mwezi. Juu kabisa ya mhimili kuna tundu la eleni, ile spana ya kijiti cha pembe sita, au sehemu mbili zilizochongwa bapa. Shika hapo. Linki za stebilaiza, vile vyuma vyembamba vinavyoshika fito ya kuzuia gari kulala kwenye kona, ni hivyohivyo, tundu lile safisha kwa msumari kwanza, uchafu ukibaki eleni haishiki na tundu linakuwa duara.

Na boljointi, ukishatoa pini na nati, usipige kichwa cha boljointi. Ule mhimili umekaa kwenye tundu kama kizibo, mnene upande mmoja, mwembamba upande wa pili. Piga chuma kinachoushika, ubavuni, nyundo mbili kwa wakati mmoja zikitazamana. Tundu linabonyea chembe na kizibo kinaruka. Nati uirudishe mizunguko miwili mitatu kabla ya kupiga, amu isikudondokee mguuni.

Kufunga nako nina neno. Bolti hizi zina namba kichwani, 8.8, 10.9, na namba hizo ni nguvu ya chuma chake. Bolti ya duka la vifaa vya ujenzi inayolingana unene mara nyingi haina nguvu hiyo, hata ikiingia vizuri. Usiiweke kwenye amu inayoshikilia tairi la gari linalobeba watu. Nati zenye pete ya plastiki ndani zimetengenezwa zifungwe mara moja. Mpya si ghali. Grisi ya shaba naipaka kwenye kiwiliwili cha bolti, kile kipande laini kinacholala ndani ya bomba la bushi, na ndani ya bomba lenyewe. Meno nayaacha makavu na safi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu ya kukaza humezwa na msuguano, takriban asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti. Ukiyalainisha meno kwa grisi na ukakaza kwa nguvu ileile, unaivuta bolti kupita kiasi bila kujua.

Na bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Hili limeua bushi mpya nyingi hapa mjini. Fundi anakaza amu ikiwa inaning'inia, kisha gari likishushwa raba inasokotwa na inabaki imesokotwa maisha yake yote. Baada ya miezi mitatu imechanika, na lawama anapewa muuza duka.

Mwalimu alirudi saa tisa alasiri, siku hiyo ya pili. Tulikuwa tumeshashusha gari, tumekaza, na limerudi kutoka wili alaimenti. Kama kawaida ya wateja wetu, aliomba vifaa vya zamani, na sisi huwa tunavitenga bila kuombwa. Akatandika gazeti juu ya boneti, akapanga bushi nne na bolti tatu nzima na vipande vya ile ya nne. Akakichukua kipande kirefu, kikiwa bado kimevaa bomba la bushi, akajaribu kukisukuma kwa kidole gumba. Hakikusogea.

"Hiki ndicho kilichokulaza hapa?"

"Ndicho, Mwalimu."

Akakigeuza akakitazama kwa jua. "Na hizi mpya umezipaka nini?"

Nikamletea kopo la grisi ya shaba. Akachovya kidole, akainusa, akaniuliza kama bolti za jembe la trekta lake kule Hombolo nazo zinapakwa, maana zile, alisema, mwaka wa tatu huu hazijawahi kufunguliwa. Nikamwambia aanze leo kuzimwagia mafuta, jioni na asubuhi, wiki nzima, na asimruhusu mtu yeyote kugusa spana kabla sijafika Jumamosi.